Mjukuu wangu ni mtaalamu wa lishe, na mgonjwa aliyekuwa anamharibia kazi ni mimi bibi yake

Wakuu, heshima yenu.

Wa rika langu tusalimiane tu. Wadogo, marahaba kabla hamjanisalimia, maana najua mtasahau.

Mimi ni bibi wa huku Kishapu, si mbali na Mhunze. Nimesoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Uzi huu nimeuandika mwenyewe kwa kidole kimoja, siku tatu nzima. Koma zikikaa vibaya mzivumilie.

Ninayosema yametokea. Sitaongeza chumvi, na hata ningetaka, chumvi nimekatazwa.

Nina mjukuu anaitwa Kabula. Ni mtaalamu wa lishe kwenye kituo cha afya. Mkisikia lishe msidhani ni mtu wa kukoroga uji wa watoto. Huyu kasoma. Anakaa na mgonjwa wa sukari, wa presha, wa figo, anamwambia ale nini na kiasi gani, na akimuuliza kwa nini, jibu analo.

Nimemlea mimi tangu ana miaka miwili. Siku aliyovaa koti jeupe mara ya kwanza nilizunguka naye gulioni kutoka banda la kwanza mpaka la mwisho, na hatukuwa na cha kununua. Nilitaka tu watu waone.

Sasa tuje kwenye sukari.

Sukari ilinianza kama ndoto. Nikisinzia mchana nyuma ya nyumba, naota niko kwenye lambo tunalonyweshea ng'ombe, nimepiga magoti nalinywa. Nalinywa mpaka linakauka, nawaona kambare wamelala kwenye tope wananitazama. Naamka, koo kavu kama sijawahi kuonja maji maisha yangu.

Halafu macho. Pamba shambani niliiona kama moshi mweupe umelala chini. Ng'ombe walikuwa wanarudi jioni hawana miguu, wanaelea tu juu ya vumbi. Wakuu, sitawadanganya, kulikuwa na uzuri wake. Nilikuwa nakaa kizingitini natazama dunia ikiyeyuka, nasema moyoni labda ndivyo uzee unavyokuja, taratibu, bila kubisha hodi.

Kabula alikuja Jumamosi moja, akanitazama nikimaliza kata ya tatu ya maji bila kupumua. Akafungua mkoba, akanitoboa kidole, akakitazama kile kipimo chake, akakaa chini palepale kwenye udongo na koti lake.

Basi nikawa mgonjwa wake.

Hapa nitoe darasa kidogo. Mimi nilidhani mtu akimaliza chuo amemaliza. Kumbe watu wa lishe hawamalizi. Wanatakiwa waendelee kusoma wakiwa kazini, kwenye semina na kwenye simu, wanakusanya pointi. Pointi zisipotimia leseni haihuishwi, na bila leseni hukai kwenye kile chumba ukamwambia mtu habari ya tumbo lake.

Kwa hiyo akija kwangu wikiendi alikuwa anapindua debe karibu na zizi, maana hapo ndipo mtandao unaposhika, anaweka simu juu ya fito na kusikiliza masomo. Mimi naanika nsansa, yale majani ya kunde, juu ya mwamba. Majani yanakauka, kengele za ng'ombe zinalia, sauti ya mwalimu inatoka kwenye simu na maneno yanapita juu ya kichwa changu kama mawingu yasiyo na mvua. Wanga. Nyuzinyuzi. Kipimo. Nilikuwa nayapenda bila kuyajua.

Siku moja alinionyesha karatasi walizopewa za kufundishia wagonjwa. Zilikuwa na sahani iliyochorwa, na ndani yake majani ya kijani kama miti midogo yenye vichaka. Nikamuuliza hiyo ni nini. Akanitajia jina. Nikamwambia hakuna mtu kutoka hapa mpaka Maganzo aliyewahi kula mti huo, na wewe mwenyewe hujaula.

Akacheka. Lakini wiki iliyofuata alikuja na kitambaa cheupe na rangi. Akachora sahani upya. Nusu mlenda na nsansa. Robo ugali wa mtama. Robo maharage au dagaa. Pembeni akachora matobolwa, vile viazi vyetu tunavyochemsha na kukausha, akaandika ni vipande vingapi mtu wa sukari anaweza kula. Mimi ndiye nilimwambia rangi ya nsansa, maana yeye aliifanya kijani kama majani mabichi, nikamwambia hiyo ni nyeusi, usinitie aibu.

Kile kitambaa kilikuwa ndiyo kazi yake ya mwaka. Kulikuwa na semina Geita, ya mwisho kabla leseni yake haijahuishwa. Kila mtaalamu alitakiwa apeleke kifaa alichobuni cha kufundishia, na mgonjwa mmoja aliyekubali, na daftari la vipimo vyake. Kikikubalika anapata pointi zake, na kile kifaa kinachapwa kinapelekwa vituo vingine. Kisipokubalika, anakaa pembeni wenzake wanaendelea.

Mgonjwa aliyemchagua ni mimi. Nilijivuna sana. Niliwatangazia mpaka wauza dagaa.

Shida ni moja. Sukari haikushuka.

Kila Jumamosi ananitoboa, kila Jumamosi iko juu. Akabadilisha mtama na uwele. Akapunguza maharage. Akaniuliza dawa nameza, nikamwambia nameza, na ni kweli nilikuwa nameza. Daktari wao akaanza kusema habari ya sindano. Nikawa namwona Kabula anakonda yeye badala yangu. Siku moja nilimkuta kwenye debe lake, simu imezimwa, anatazama zizi tupu. Akaniambia kama hawezi kumsaidia bibi yake, hao wageni anaowapa ushauri anawadanganya tu, bora aende machimboni akauze chai.

Sasa niwaambie alichokuwa hajui.

Mimi naishi boma moja na mke mwenzangu, Mama Shija. Mzee wetu alishafariki. Wakati wa uhai wake tuligombana miaka mingi, kila mtu na jiko lake, kila mtu na kuku wake. Kuku wake akiingia uani kwangu nilimrudisha kwa jiwe, naye alinitukana kwa kupitia mbuzi. Anamtukana mbuzi, mimi nasikia jina langu.

Tulipomaliza kuzika, watu wakaondoka, nikabaki mlangoni kwangu sijui hata ni saa ngapi. Mama Shija akatoka kwake na bakuli moja la ugali na mlenda. Akaliweka katikati. Akamega tonge lake la kwanza, akasubiri.

Nikanawa.

Tangu siku hiyo hatujawahi kula mbali mbali. Kwa sisi Wasukuma wa zamani, kuacha kula na mwenzako si jambo dogo. Ukijitenga na bakuli umetangaza ugomvi, au umemshuku mwenzako ana dawa mkononi. Sasa mimi ningeanzia wapi kumwambia Mama Shija kwamba leo nina sahani yangu?

Na sukari yenyewe nilimficha. Aliwahi kusema mbele yangu kwamba ni ugonjwa wa watu wa mjini wanaoshinda na soda. Nikaona huyu ataninyanyasa.

Basi nikafanya hivi. Mchana najifungia ndani, napika kwa kipimo cha Kabula, napakua sahani yangu kama ilivyochorwa kwenye kitambaa, nusu, robo, robo, naila yote kwa uaminifu. Namaliza, nafuta mdomo. Mama Shija ananiita nje, bugali, yaani ugali wetu, imeiva. Nakwenda nakaa, nakula naye.

Kidogo tu, najiambia. Lakini mkono uliozoea bakuli hauna hesabu. Tunazungumza, tunacheka, kivuli cha nyumba kinasogea, tukitazama chini bakuli limekwisha. Na siku za Kabula, bakuli lilitoka jioni akishaondoka.

Mkuu mmoja hapo chini ameshauliza kama sikuona kwamba nakula mara mbili. Niliona. Lakini kile cha ndani nilikihesabu kama dawa. Kile cha nje ndicho kilikuwa chakula. Nilikuwa nakula dawa yangu, halafu nakula. Ndivyo kichwa changu kilivyopanga, na kilipanga vizuri, hakikunisumbua.

Haya, naendelea. Nilikwenda kuwatoa ndama.

Tukaenda Geita, mimi na Kabula. Basi lilipita Kahama, likapita jirani na Bulyanhulu, nikawaona wachimbaji wadogo wamekaa kando ya barabara weupe kwa vumbi la mawe, nyusi nyeupe, nywele nyeupe, vijana wa miaka ishirini wamefanana na mimi. Kwa macho yangu yale niliona kama wazee wa zamani wamerudi wamekaa wanasubiri mtu wa kuwasalimia. Nikawapungia. Mmoja akanyanyua mkono.

Geita kuna vilima na miamba imelala kama ng'ombe walioshiba. Kijani mpaka unashangaa. Nilipanda ngazi za ukumbi nikiwa kama bado nimesinzia.

Ndani sasa.

Katikati ya ukumbi kulikuwa na meza ndefu imejaa chakula. Ugali, maharage, mboga za majani, samaki, ndizi, wali, mayai, nyama, chapati, vyote vinang'aa. Nikasema hawa watu wa lishe wanaishi. Nikasogea, nikagusa ndizi. Mpira. Nikagusa yai. Mpira. Meza nzima ilikuwa ya mpira. Ni vifaa vyao vya kufundishia, vya kumwonyesha mgonjwa ukubwa wa kipande. Nilisimama pale nikiwa na njaa ya safari, nimezungukwa na chakula kisicho na harufu, nikaona kweli hii sasa ni ndoto, nitaamka nyuma ya nyumba na koo langu kavu.

Wenzake Kabula wakapita mmoja mmoja na wagonjwa wao. Ikafika zamu yetu. Kabula akatundika kitambaa chake. Wakuu, watu walinyanyuka kutoka kwenye viti kukitazama. Mkufunzi, baba mmoja mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliigusa nsansa yangu nyeusi akatikisa kichwa kwa kupenda.

Akanigeukia. Akaniamkia vizuri, nikaitikia. Akaniomba nichukue sahani nipakue kwenye ile meza kama ninavyopakua nyumbani.

Nikapakua. Nusu mboga. Robo ugali. Robo maharage. Hata sikutazama kitambaa.

"Bibi amepakua vizuri kuliko nyie niliowaona mgahawani asubuhi," akasema, ukumbi ukapiga makofi.

Halafu akafungua daftari la vipimo. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Makofi yakaisha yenyewe.

"Kabula," akasema, "mtu anayekula hivi na anameza dawa, sukari haiwezi kukaa huku. Umeuliza kila kitu?"

Kabula akasema ameuliza. Akaonyesha fomu yake, maswali yamejaa mbele na nyuma.

"Basi mgonjwa anakuficha kitu."

Hapo ndipo mjukuu wangu aliponyoosha mgongo.

"Mwalimu, huyu amenilea. Bibi yangu hanifichi kitu."

Angeniambia mimi ni mwongo mbele ya watu wote wale nisingeumia hivyo. Nilisifiwa ukweli nisiokuwa nao, na aliyenisifu alikuwa anaweka leseni yake juu yangu kama mtu anayekaa kwenye kigoda kilichovunjika mguu. Nilimwona anakwenda chini.

"Hicho ni chakula cha kwanza," nikasema.

Mkufunzi akaniuliza, kwani kuna cha pili?

"Kipo. Nipeni bakuli kubwa. Na mniletee mama mmoja wa kukaa na mimi chini."

Akaja mtaalamu mmoja, mama wa makamo anayefanya kazi upande wa Maganzo. Tukakaa chini kwenye zile marumaru, miguu tumenyoosha. Nikachukua ule ugali wa mpira nikauweka katikati yetu. Nikamwambia mega. Akajaribu, mpira ukaruka ukamgonga goti. Watu wakacheka. Mtu wa nyuma akasema, bibi usiung'ate, tumeuazima.

Nami nikacheka. Halafu nikawaeleza yote, palepale chini. Mama Shija, mazishi, bakuli. Sahani ya ndani na bugali ya nje. Nilisema bila kumtazama Kabula.

Yule mama wa Maganzo bado alikuwa amekaa na mimi, ameshika ule ugali wa mpira mapajani kama mtoto. Akasema taratibu kwamba ana wagonjwa anaowagombeza kila mwezi, wanaapa wanafuata sahani, na leo ndiyo anaelewa kwamba wanafuata. Mwingine akasema wa kwake anakula na wakwe. Mwingine, wa kwake anakula na wachimbaji wenzake, watu sita beseni moja.

Mkufunzi alikuwa anasoma ile fomu. Akaisoma mpaka mwisho, akaigeuza. Akasema hapa tumeuliza anakula nini, mara ngapi, saa ngapi, kapika nani, mafuta gani. Hakuna mahali tumeuliza anakula na nani.

Kabula alishatoka nje.

Nilimkuta barazani anatazama miamba. Nikasimama karibu yake.

"Ungeniambia, bibi."

"Ungenitenga na Mama Shija."

Akafikiri. Akafuta pua kwa mkono wa koti, lile koti nililolizungusha gulioni.

"Labda ningekutenga kweli," akasema. "Na nisingejua nimefanya nini."

Siku hiyo pointi hakupata. Mkufunzi alimwambia kitambaa ni kizuri lakini kimechorwa kwa ajili ya mtu anayekula peke yake. Akampa mwezi mmoja arudi na kingine, na vipimo vipya. Kwa hiyo mkiniuliza kama niliokoa kazi ya mjukuu wangu pale Geita, hapana. Niliiangusha kwanza.

Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Mbele ya wasomi nilisema. Mbele ya Mama Shija mdomo ulijaa mchanga.

Nilimkuta anamenya karanga. Nikakaa. Nikamweleza sukari, sahani, kila kitu. Hakuacha kumenya.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba unakula ndani. Sufuria yako inasikika mpaka kwangu. Nikasema Kabula anamletea bibi yake nyama, mimi sijalea msomi, nile mlenda."

"Yalikuwa maharage, Mama Shija."

"Sasa mimi ningejua? Miezi yote hiyo nakula na mtu aliyeshiba. Nikasema basi, huyu amenichoka, anakuja kunimalizia bakuli kwa huruma."

Wakuu, nilikuwa nakula mara mbili ili asidhani nimemkataa. Na yeye kila mchana alikuwa anamega tonge akidhani nimeshamkataa.

Tulikaa pale mpaka jua likawa jekundu na vumbi la ng'ombe likatufunika wote wawili. Sijui alilia au ni maganda ya karanga.

Kesho yake mchana alitoa bugali, ndogo kuliko siku zote, na bakuli la mlenda kubwa kuliko siku zote. Akachukua mwiko akauchora ugali mstari, upande mmoja mwembamba, upande mmoja mnene.

"Huu mwembamba wako. Ukivuka nakuchapa mkono, wewe na sukari yako."

Nikamega kwangu. Akanisogezea mlenda. Niliporudi kumega tena nikavuka kidogo kumjaribu, na alinichapa kweli.

Kabula alikuja Jumamosi akatukuta hivyo. Akasimama mlangoni na mkoba wake muda mrefu, halafu akaomba karatasi.

Kitambaa kipya kina bakuli moja, mstari katikati, na mikono miwili. Sukari imeshuka, haijafika anapotaka lakini imeshuka. Kitambaa kimekubalika, leseni imehuishwa, na nimesikia kuna vituo upande wa Ushirombo wameshakitundika. Ile fomu nayo imeongezwa swali.

Macho yangu yanarudi. Ng'ombe wana miguu sasa. Pamba imerudi kuwa pamba, kila ua mahali pake, na kuna siku naukosa ule moshi mweupe, lakini hilo msimwambie mjukuu wangu.

Nilichojifunza ni kwamba mgonjwa anaweza kufuata kila ulichomwambia na bado akafa, kwa sababu ya kile ambacho hukumuuliza na yeye akaona aibu kukisema. Ninyi mnaosomea lishe mkisoma uzi huu, someni sana, chukueni pointi zenu, lakini siku moja mwende mkakae chini na mgonjwa wenu bakuli likiwa katikati.

Na wewe mwenye mama au baba wa sukari nyumbani, usiniambie anakula nini. Niambie hapo chini, anakula na nani?